Ngome ya Bibi na Jumba la Mama

Kibuyu tulikikuta nyuma ya kabati la Mama, kimeviringishwa kwenye khanga kuukuu, siku tulipokaa kupanga vitu vyake baada ya matanga. Mdogo wangu alitaka kukitupa. Mkanda wa ngozi ulikuwa umekauka na kukatika, na shanga nyingi zilikuwa zimekwisha kudondoka. Nikamwambia ngoja kwanza. Nikang'oa kifuniko, nikatia pua. Baada ya miaka yote ile harufu ilikuwa bado imo: moshi wa kijinga cha mzeituni-mwitu na maziwa yaliyolala. Nililia pale kuliko nilivyolia kaburini, wadogo zangu wakabaki kunitazama, maana wao hawakuwepo. Wao walizaliwa baadaye, tukiwa tumeshakuwa watu wa kawaida. Nimebaki mimi tu ninayejua kwamba zamani, kwa kipindi fulani, nyumba yetu ilikuwa ya kifalme.

Tulikuwa tunakaa Karatu, na Baba alikuwa dereva wa hoteli moja huko juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Siku za kazi alilala huko huko, mwisho wa wiki akashuka nyumbani na vumbi jekundu na masihara yake. Nilikuwa mtoto wa pekee mpaka alipozaliwa mdogo wangu wa kiume, mnene, mwenye sauti, aliyeninyang'anya mgongo wa Mama. Hakukaa. Kabla hajajua hata kuketi mwenyewe homa ilimchukua, katikati ya masika, gari lolote lisiweze kupita kwenye tope. Katekista alisimama kando ya kaburi dogo nyuma ya shamba la mahindi, akasema mtoto huyu sasa yuko katika ufalme, amevikwa taji. Maneno yale niliyashika. Kwa hiyo mambo yalipoanza kubadilika, mimi sikushangaa.

Kwanza, watu walianza kutupisha njiani. Tukiwa tunakwenda dukani, mimi na Mama, mama mmoja akitokea mbele yetu na mzigo wake wa kuni alikuwa anatoka kabisa kwenye njia, anaingia kwenye mahindi, anasimama huko mpaka tupite. Jirani akituletea maharage hakuyatia mkononi mwetu. Aliyaweka juu ya jiwe lililokuwa mpakani, penye ua wa minyaa, akarudi nyuma, akaita, ndipo tuyachukue. Kisimani tulipewa sehemu yetu, chini kidogo, ambako hakuna mwingine aliyechota. Kanisani tulikuwa na benchi zima. Na shuleni, wenzangu wa rika langu mnayakumbuka madawati yale, tulivyokuwa tunabanana wanne wanne mpaka wa pembeni anaandika akiwa amekaa nusu tako. Mimi nilipewa dawati langu peke yangu. Mwalimu wetu alikuwa mgeni kutoka Bukoba, wala hakujua kwa nini watoto walihama, lakini alitusimulia habari za wafalme wa kwao ambao raia hawakuthubutu kuwagusa wala kunywea vyombo vyao. Nikaelewa kila kitu. Mdogo wangu alikuwa na taji, na sisi tuliobaki tukawa jamaa wa mfalme.

Nilijivuna, jamani. Nilitembea na kidevu juu. Mtoto mmoja alipookota kifutio changu kwa bahati mbaya, akakitupa chini kwa hofu, mimi nilimsamehe kwa kupunga mkono.

Sasa nimekuwa mtu mzima na najua. Sisi Wairaqw tulikuwa na desturi, na wapo walionayo hadi leo, kwamba nyumba iliyofiwa na mtoto wa kunyonya hutengwa. Ina jina lake kwa lugha yetu, na sipendi kulitamka. Mama wa nyumba ile hasalimiwi kwa mkono, haingii kwa watu, hali nao, na zaidi ya yote hashiki mtoto wa mtu, maana kifo kinasemekana kimemganda mwilini na kinaweza kuhamia kwa mwingine. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuzidi. Baba alikuwa anasema hayo ni mambo ya zamani, na katekista alisema ni ushirikina. Ila katekista naye alitupa mkono wa amani kwa mbali. Na shida kubwa haikuwa majirani. Shida ni kwamba Mama mwenyewe aliamini. Alikuwa anatazama mikono yake kama vitu vya kuazima. Chakula alikipika, hakula. Mimi mwenyewe aliacha kunisuka, nikawa nanyolewa na Baba. Nilidhani hivyo ndivyo malkia wanavyokuwa, wapole na wa mbali. Baba alikuwa anaogopa. Nilimsikia siku moja akimwambia nyuma ya jiko, "Nitakuzika na wewe, au utarudi?"

Ndipo Ijumaa moja akaja na Landrova ya hoteli, aliyoruhusiwa kuichukua mpaka Jumatatu, akatangaza mlangoni kama mpiga mbiu: "Kesho nawapeleka kwenye ngome ambayo haijawahi kutekwa. Keshokutwa tunakwenda kwenye jumba la kando ya ziwa."

Sikulala vizuri. Ngome nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha shule, ina mizinga.

Jumamosi tulishika barabara ya Mbulu, tukaacha ya lami ya mawazo yangu tukaingia ya mashimo ya kweli, mpaka kwenye milima ya kwao Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akikaa jirani nasi Karatu. Bibi alikuwa ametangulia jana yake na lori la mnada, maana asingeweza kupanda gari moja na sisi. Tulimkuta amesimama juu ya kilima na fimbo yake. Baba akazima gari. Nikauliza ngome iko wapi.

"Bibi yako amesimama juu yake," akasema Baba.

Kumbe kilima kile kilikuwa paa. Nyumba ilikuwa imechimbwa ndani ya mteremko, imefunikwa kwa magogo na udongo, majani yameota juu na mbuzi wanakula. Ukipita kwa chini usipoangalia sana huoni mlango. Nilikasirika karibu nilie. Mizinga iko wapi? Bibi, bila kutusogelea, alituonyesha kwa fimbo: hapa palikuwa pa ng'ombe, hapa pa watu, na kule nyuma palikuwa na shimo la kutokea. Mama alibaki ndani ya gari, mlango wazi, akisikiliza.

"Wamasai walipokuja kuchukua ng'ombe tuliingia humo wote," Bibi alisema. Alizungumza Kiiraqw, kwa sauti ya kupigia kelele ng'ambo ya bonde, kwa sababu ya ule umbali aliojiwekea. "Nyumba tatu nne, na mifugo. Ng'ombe walifungwa midomo. Watoto je? Mtoto akilia mmekwisha. Giza lile huoni hata kidole chako. Huwezi kujua mtoto huyu ni wa nani. Kila mwanamke alimkamata aliye karibu naye, akamkumbatia, akamfunika na nguo, basi. Kukipambazuka ndipo mnabadilishana."

"Na hawakuwakamata?" niliuliza.

"Mimi si niko hapa?"

Akaweka viazi vitamu vya kuchoma juu ya jiwe, akarudi nyuma, Baba akaenda kuvichukua. Alikuwa mama yake mzazi. Nilimwona Baba akisimama pale kwenye jiwe kwa muda, viazi mkononi, wakitazamana, kisha akarudi garini akipiga mluzi usio na wimbo. Mimi nikala viazi vile, ushuru wetu wa kifalme, nikiwa nimenuna.

Jumapili ilikuwa nyingine. Tulipanda msitu wa Ngorongoro kwenye ukungu mzito, Baba akiwasha taa asubuhi kweupe. Getini askari, rafiki yake, alimpigia saluti ya utani, nami nikaipokea. Kisha tukafika ukingoni, ukungu ukafunguka, na chini yetu kulikuwa na nchi nzima, na katikati yake ziwa jeupe la magadi lenye ukingo wa waridi. Baba alisema ni ndege. Mimi niliona ni kitambaa kilichotandikwa kwa ajili yetu.

Tuliteremka kwa gia ya nguvu, Mama ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Jumba lilikuwa la mawe, upande ule ambao ziwa linaonekana lote. Mjerumani mmoja alilijenga kabla ya vita, akafuga na kulima humo shimoni, ndani ya kreta, peke yake kama vile dunia yote ni yake, halafu vita vikamfukuza. Paa halikuwepo. Mti ulikuwa umeota sebuleni. Lakini kuta zilikuwa nene, na dirisha moja lilikuwa zima, na Baba akatutembeza kama anavyowatembeza wageni wake: "Hapa ni ukumbi. Hapa bwana mkubwa alikuwa anakunywa chai. Malkia, kaa hapa tafadhali." Mama akakaa dirishani. Hakucheka, lakini alikaa. Mimi niliridhika kabisa. Pazia halikuwepo, viti havikuwepo, ila ukubwa wa mahali ulikuwa sawasawa na sisi.

Wakati huo Wamasai walikuwa bado wanaishi humo shimoni, na boma moja lilikuwa karibu. Mwenye boma alikuwa Mama Naserian, mama mrefu, ambaye Baba alimpa lifti mara nyingi. Aliliona gari, akaja na kundi la watoto nyuma na kichanga mgongoni. Watoto wale wakanijia moja kwa moja, wakaninyoshea vichwa niwaguse, kama wanavyosalimia wakubwa, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Sikujua la kufanya. Kisha Mama Naserian mwenyewe akaweka kiganja chake chote juu ya utosi wangu, hivi hivi, bila ruhusa. Nilishtuka. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu mwingine asiye Baba kunigusa.

"Huyu ndiye mama yake?" akamuuliza Baba. Na bila kungoja akafungua shuka, akamtoa yule kichanga, akamnyoshea Mama pale dirishani. "Shika. Mimi nakwenda kuleta maziwa."

Mama akajibana ukutani. "Hapana, dada yangu. Hapana."

"Kwa nini? Hang'ati."

"Mwanangu amekufa," Mama alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema. "Kwetu mtu kama mimi hashiki mtoto wa mtu. Atakufa na huyu."

Baba alikuwa amesimama kama aliyepigwa na kitu. Mama Naserian aliligeuza jambo lile kichwani, nikaona kabisa anafikiri, wala hakucheka.

"Hata mimi nimezika," akasema. "Kama waliozika hawashiki watoto, hawa waliobaki nani atashika?"

Akamweka mtoto mapajani mwa Mama, akageuka, akaenda zake. Ni hivyo tu. Mama angeweza kumwacha aanguke, au amshike. Akamshika.

Alimshika kwa mbali kwanza, kama sufuria ya moto. Mtoto alimtazama, akaukamata mkufu wake wa rozari, akautia mdomoni. Mikono ya Mama ikajikunja yenyewe. Halafu mtoto akamkojolea. Maji yakashuka kwenye kitenge chake kipya, yakachuruzika ukutani mwa jumba, na mimi nikapiga kelele kwa hasira kwamba amemkojolea, amemkojolea! Na Mama akacheka. Alicheka huku analia, akacheka tena, Baba akalazimika kutoka nje kwenda kukagua tairi ambazo hazikuwa na shida yoyote. Nilimpenda sana Mama saa ile, ingawa nilimwona amejishusha.

Mama Naserian alirudi na kibuyu hiki hiki, kimejaa, akamtilia Mama mkononi. Mkono kwa mkono. Tulipoondoka alisema tukae nacho, siku nyingine tutakirudisha.

Njiani Mama aliacha kucheka. Tulipofika kwenye ukungu aliuliza, "Akifa je?"

"Hafi," Baba akasema.

"Wewe, nakuuliza, akifa je?"

Jioni Bibi alikuwa amesharudi, akatungoja kwenye ua wa minyaa na chakula chake juu ya jiwe. Mama hakuweza kuficha. Alisimama upande wetu wa ua akasema, "Mama, leo nimeshika mtoto wa mtu." Bibi aliuziba mdomo wake kwa mkono. Akauliza ni wa nani, akaambiwa. Akageuka akaondoka bila kuaga, na siku nyingi zikapita jiwe letu halina kitu kutoka kwake.

Kuanzia hapo nyumba yetu iliishi kwa habari za shimoni. Jumamosi Baba akitokea, kabla hajatua mfuko, Mama alikuwa mlangoni. "Yule?" Baba alijibu, "Mzima." Hapo ndipo chai ilipikwa. Wiki nyingine: "Mzima. Ameota jino." Nyingine: "Mzima, anatambaa, juzi kala udongo." Mama alianza kula, kidogo, kama mtu anayekopa. Kisha ikaja Jumamosi ambayo Baba alisimama mlangoni akavua kofia. Boma lilikuwa tupu, alisema. Wamehamisha ng'ombe upande wa Nainokanoka, na dereva mwingine kasikia kuna watoto wanaumwa huko. Hakujua zaidi. Mama alikaa chini pale pale kizingitini. Hakupika siku ile, wala iliyofuata. Mikono yake aliificha ndani ya khanga, na nilipotaka kukaa karibu naye akasogea. Mimi nilikasirikia lile boma lote. Lilikuwa limetuharibia nyumba.

Siku ya mnada tulisikia Landrova kabla ya kuiona. Baba alikuwa anapiga honi tangu barabarani, jambo ambalo bosi wake angemfukuzia kazi. Bibi alikuwa mpakani. Alikuwa ameanza tena kuleta chakula, kimya kimya, akikiweka na kuondoka. Akasimama kuangalia. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka Mama Naserian na shanga zake zote za mnadani, akafungua shuka mgongoni, akamweka mtoto chini. Mtoto akasimama. Alikuwa mchafu, mnene, kamasi zimekauka puani. Akayumba, akachagua, akaenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa Mama, akamkamata kitenge.

"Waliumwa wote, surua," Mama Naserian alisema. "Huyu alipona wa kwanza. Nimefuata kibuyu changu."

Mama alikuwa amepiga magoti. Na Bibi, ambaye utotoni alikuwa amejificha ardhini kwa kuwaogopa watu wa mama huyu, aliinua gauni lake kidogo akauvuka ua wa minyaa. Hakupita kwenye jiwe. Akamwendea mtoto, akamshika kidevu, akamfunua mdomo, akamkagua meno kama anayenunua ndama.

"Ndiye huyu aliyeshikwa?"

"Ndiye, Mama," Baba akamjibu.

Bibi akamnyoshea Mama mkono.

Nikaruka katikati yao. "Bibi, usimguse! Huyu ni malkia!"

"Ni nani?"

"Malkia! Sisi ni wafalme. Ndiyo maana watu hawatugusi."

Hakuna aliyecheka. Baba alitazama chini. Mama alijifunika uso kwa khanga. Bibi aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu, akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, mkono mgumu wenye joto ambao nilikuwa nimeusahau kabisa.

"Hata malkia anachoka kukaa peke yake, mjukuu wangu," akasema. "Nipishe."

Nikampisha. Akamwinua Mama, wakaingia ndani wote, na Mama Naserian, na mtoto, na mimi nyuma nikiburuta miguu. Kibuyu hakikurudishwa siku ile wala baadaye; kila alipokuja Mama Naserian alisema amekifuata, akaondoka bila. Bibi aliketi kwenye kigoda chake cha zamani karibu na moto, akaomba maji. Mama akakimbilia kabatini kutoa kikombe cha wageni, kile ambacho hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kukinywea. Bibi akakisukuma pembeni.

"Nipe chako," akamwambia.